Fedha za Umma kwa Filamu za Ndani: Haki Huanza Kabla ya Dirisha la Maombi Kufunguliwa

Kila mara serikali inapotangaza fedha kwa ajili ya watengenezaji filamu, mjadala huwa ule ule, uwe Dar es Salaam au Nairobi. Waliopata hupongezwa na kushukiwa kwa wakati mmoja, waliokosa husema orodha ilikuwa imeshapangwa, taasisi husika hutoa taarifa kwamba taratibu zote zilifuatwa, na baada ya wiki mbili kila mtu hurudi kwenye shughuli zake akiwa hajui zaidi ya alivyojua mwanzo. Makala hii inaeleza fedha hizo ni za aina gani, uamuzi wa kuzigawa hupitia hatua zipi, na ni wapi hasa mwananchi anapaswa kutazama akitaka kujua kama mgawo ulikuwa wa haki. Msimamo wangu nausema mapema: wengi wetu tunakodolea macho majina ya waliopata, ilhali sehemu kubwa ya haki au ya dhuluma huwa imeshafanyika kabla mwombaji wa kwanza hajajaza fomu.

Si kila fedha ya serikali ni ya bure

Kwa kuwa watu hutumia maneno "hela za serikali" kwa mambo manne tofauti, ni vizuri kuyatenganisha. Ruzuku ni fedha ambayo mpokeaji harudishi, ila hulazimika kuonyesha kwamba ameitumia kwa kazi aliyoiombea. Mkopo wa masharti nafuu hurudishwa, ingawa riba yake huwa ndogo kuliko ya kawaida ya benki. Fidia ya gharama ni utaratibu ambao mtayarishaji hutumia kwanza fedha zake au za wadhamini, kisha serikali humlipa sehemu ya alichotumia ndani ya nchi baada ya hesabu zake kukaguliwa. Unafuu wa kodi haumpi mtu shilingi mkononi, bali humsamehe kulipa sehemu ya kile ambacho angelipa, kwa mfano kwenye vifaa anavyoingiza kutoka nje.

Mkanganyiko mkubwa zaidi Tanzania uko kati ya mbili za kwanza. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, uliohuishwa miaka ya karibuni baada ya ule wa awali wa mwaka 1998 kufifia, umejulikana zaidi kwa mikopo inayopitia benki za biashara. Hata hivyo bado husikia vijana wa Bongo Movie wakiuzungumzia kana kwamba ni kapu la zawadi, na wengine wakilalamika kwamba "fulani amepewa milioni kadhaa" bila kuongeza kwamba fulani huyo anatakiwa kuzirejesha kwa awamu, filamu iuzike au isiuzike.

Tofauti hii si ya kitaalamu tu, kwa sababu kila aina ya fedha ina udhaifu wake wa kihaki. Katika ruzuku, hatari iko kwa wanaochagua, kwani ladha au urafiki wao unaweza kuamua. Katika mkopo, hatari iko kwenye dhamana na nyaraka. Mwenye nyumba yenye hati, kampuni iliyosajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi na mzunguko wa fedha unaoonekana benki anaingia mlangoni bila shida, wakati mwandishi mzuri wa miswada anayeishi chumba cha kupanga huko Lindi hukwama kabla hadithi yake haijasomwa na mtu yeyote. Hakuna aliyempendelea wa kwanza wala aliyemchukia wa pili. Ni masharti yenyewe yaliyochuja, na masharti hayana uso wa kulaumiwa, ndiyo maana hatuyajadili. Katika fidia ya gharama hali ni ngumu zaidi kwa mnyonge, kwani asiye na mtaji wa kuanzia hawezi kudai kurudishiwa fedha ambazo hakuwahi kuzitumia.

Haki ni kitu kimoja, uwazi ni kingine

Maneno haya mawili hutamkwa pamoja kiasi kwamba yameonekana kuwa jambo moja. Haki inahusu kanuni na namna zinavyotumika: je, watu walio katika hali zinazofanana walitendewa sawa, na je, tofauti iliyofanywa baina yao ina sababu inayohusiana na lengo la fedha hizo? Uwazi unahusu kuonekana: je, mtu aliye nje anaweza kuona kanuni, mchakato, matokeo na matumizi? Mgawo unaweza kuwa wa wazi kabisa na bado ukawa wa dhuluma, kama vile tangazo likisema bayana kwamba waombaji wawe na filamu tatu zilizokwisha kuoneshwa kwenye televisheni, sharti ambalo humfungia nje kila anayeanza. Vilevile mgawo unaweza kuwa wa haki lakini wa siri, na hapo waliokosa hawatakuwa na namna ya kuuamini hata kama waamuzi walifanya kazi yao kwa uadilifu mkubwa.

Wanaocheza upatu wanalielewa hili vizuri. Kabla ya mchango wa kwanza kutolewa, kila mwanachama anajua kiasi, siku, na zamu ya nani inafuata nani. Kijumbe, yaani anayekusanya na kukabidhi michango, hana uhuru wa kubadilisha zamu kimyakimya, na fedha zinapokabidhiwa kila mtu huzisikia zimefika. Kinachouimarisha upatu ni kwamba kanuni zilijulikana wakati ambapo hakuna aliyejua nani atanufaika nazo vipi. Mfuko wa filamu hautofautiani kwa hilo, isipokuwa kwa jambo moja gumu: kwenye upatu kila mtu atapata zamu yake, wakati kwenye mfuko wengi watakosa. Kwa hiyo mfuko unahitaji kanuni zilizo wazi kuliko za upatu.

Karatasi ya alama

Ili kuona kwa nini nasisitiza kilichotangulia dirisha la maombi, tuchukue karatasi ya alama ya kubuni, ya aina ambayo jopo la tathmini hutumia. Tuseme ina vipengele vitatu: hadithi alama 40, uzoefu wa mwombaji alama 40, na bajeti alama 20. Wameomba wawili. Wa kwanza ni kampuni ya Dar es Salaam yenye miaka mingi kazini, na wa pili ni kijana wa Mtwara ambaye hii ndiyo filamu yake ya kwanza ndefu. Jopo linasoma kwa makini na kuipa kampuni alama 22 za hadithi, 36 za uzoefu na 14 za bajeti, jumla 72. Kijana anapata 36 za hadithi, 12 za uzoefu na 16 za bajeti, jumla 64. Kampuni imeshinda.

Sasa tuchukue jopo lile lile, watu wale wale, mswada ule ule, na tubadilishe kitu kimoja tu: hadithi iwe na alama 60 na uzoefu uwe na 20. Kwa uwiano ule ule wa ubora, kampuni sasa inapata 33, 18 na 14, jumla 65, huku kijana akipata 54, 6 na 16, jumla 76. Matokeo yamegeuka, na hakuna mwamuzi aliyehongwa, aliyepigiwa simu wala aliyebadili maoni yake kuhusu kazi yoyote.

Aliyeamua nani ashinde, basi, ni yule aliyepanga uzito wa vipengele, pengine miezi mitatu kabla, katika kikao ambacho hakuna mwanahabari aliyekifuatilia. Sisemi kwamba uzoefu usithaminiwe. Fedha ni za walipakodi, na mtu aliyewahi kumaliza filamu ana uwezekano mkubwa wa kumaliza nyingine. Lakini uchaguzi kati ya kulinda fedha na kuinua vipaji vipya ni uchaguzi wa kisera, na wenye fedha, yaani wananchi, wanastahili kuelezwa ni upi umefanywa na kwa nini. Karatasi ya alama ikitangazwa pamoja na tangazo la maombi, mjadala hufanyika mapema, mahali pake. Ikibaki kabatini, mjadala hufanyika baadaye na huwa wa tuhuma.

Nchi zilizoanza zamani zimelikabili swali hili kwa njia tofauti. Ufaransa, ambayo taasisi yake ya filamu ya CNC ilianzishwa mwaka 1946, hukusanya sehemu ya fedha zake kutokana na tozo ya asilimia 10.72 ya bei ya kila tiketi ya sinema, kisha huzigawa kwa mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ni wa moja kwa moja: filamu iliyofanya vizuri humzalishia mtayarishaji wake kiasi kinachokokotolewa kwa kanuni, nacho anapaswa kukiwekeza katika filamu inayofuata. Hapo hakuna jopo, hivyo hakuna wa kumbembeleza, ila aliye juu huzidi kupanda. Mkondo wa pili ni wa kuchagua, ambapo kamati husoma miswada, na waombaji wa filamu ya kwanza hushindanishwa peke yao badala ya kutupwa kwenye uwanja mmoja na wakongwe. Afrika Kusini nayo, kupitia taasisi yake ya kitaifa ya filamu na video iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, imekuwa ikiwatenganisha waombaji kwa madaraja ya uzoefu. Funzo ambalo Dodoma na Nairobi zingeweza kulichukua kesho asubuhi, bila kuongeza shilingi moja kwenye bajeti, ni hili la kutenganisha dirisha la wanaoanza na dirisha la waliokomaa.

Tasnia ndogo, ambayo kila mtu anamjua mwenzake

Hoja inayosikika sana ni kwamba mwamuzi fulani aliwahi kufanya kazi na mshindi, kwa hiyo matokeo ni batili. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini imetiwa chumvi. Katika tasnia kama yetu, mtu mwenye ujuzi wa kutosha kutathmini mswada, ratiba ya upigaji picha na bajeti ni karibu lazima awe amewahi kufanya kazi na nusu ya waombaji. Tukimkataa kila anayefahamiana na mwombaji, tutabaki na majopo ya watu wasiojua filamu, na hilo nalo ni dhuluma kwa waombaji wote.

Mgongano wa maslahi, basi, hautokani na kufahamiana tu. Hutokea pale ambapo mwamuzi ana cha kupata au cha kupoteza kutokana na uamuzi: hisa katika kampuni, deni, undugu, ahadi ya kazi katika filamu inayojadiliwa. Dawa yake inajulikana na ni rahisi. Mwamuzi hutangaza uhusiano wake kwa maandishi kabla ya kusoma, hutoka chumbani maombi yanayomhusu yanapojadiliwa, na kutoka kwake huandikwa kwenye muhtasari wa kikao. Majina ya waamuzi hutangazwa, kama si kabla basi mara tu baada ya uamuzi. Miswada husomwa kwanza bila jina la mwandishi. Na kwa kuwa Kiswahili kinasomwa katika nchi kadhaa, hakuna kinachozuia mfuko wa Tanzania kumwalika msomaji wa miswada kutoka Kenya, au wa Kenya kumwalika kutoka Zanzibar, mtu asiye na cha kupoteza wala kupata katika tasnia ya nchi mwenyeji.

Lipo jambo jingine ambalo hujadiliwa kidogo kuliko linavyostahili: nani anayetoa fedha, na je, ndiye anayekagua maudhui? Kenya ina Tume ya Filamu yenye jukumu la kukuza tasnia, na chombo tofauti cha kupanga madaraja ya filamu na kuzuia maonyesho. Tanzania Bara, Bodi ya Filamu inayotokana na sheria ya mwaka 1976 inabeba udhibiti na uendelezaji kwa pamoja, wakati Mfuko unasimama kando yake. Zanzibar ina baraza lake lenyewe, BASSFU. Pale ambapo kalamu inayosaini hundi iko karibu mno na kalamu inayofuta maonyesho, mwombaji huanza kuikata hadithi yake mwenyewe kabla hajaandika ukurasa wa kwanza, na hakuna ukaguzi wa hesabu utakaolionyesha hilo.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Korea Kusini inasifiwa duniani kote kwa jinsi serikali yake ilivyoijenga filamu, lakini wakati wa utawala wa Rais Park Geun-hye iliandaliwa orodha ya siri ya wasanii wasiotakiwa kupewa msaada wa umma kwa sababu ya misimamo yao, wakiwemo waliowatetea wahanga wa kivuko cha Sewol kilichozama mwaka 2014. Orodha iliyofichuliwa mwaka 2016 ilikuwa na majina zaidi ya 9,000. Mmoja wa waliotajwa, mwongozaji Bong Joon-ho, ndiye aliyekuja kutwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Baraza la filamu la nchi hiyo, lililokuwa na majopo, fomu na taratibu zote za kupendeza, liliomba radhi hadharani mwaka 2018 kwa kushiriki katika ubaguzi huo, na mwishoni mwa mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba orodha ile ilikiuka katiba. Ninaitaja habari hii kwa sababu inavunja dhana kwamba ukishaunda jopo umemaliza kazi. Mtu aliyekataliwa Seoul hakuwa na namna ya kujua kwamba sababu halisi haikuwa mswada wake, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kumpa sababu iliyoandikwa na yenye alama.

Kutangaza majina hakutoshi

Taasisi nyingi zikiulizwa kuhusu uwazi huonyesha picha za hafla: mgeni rasmi, hundi kubwa ya kadibodi, washindi wakitabasamu. Majina ya waliopata ni sehemu ndogo ya taarifa. Anayetaka kujua kama mgawo ni wa haki anahitaji idadi ya walioomba na wametoka mikoa gani, wangapi walienguliwa kwa nyaraka kabla ya kusomwa, uzito wa kila kipengele, kiasi alichopewa kila mmoja, na baadaye kama filamu ilikamilika. Takwimu ya walioenguliwa kwa nyaraka ndiyo ningeitaka ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayofichua kama masharti yanawachuja wasio na sifa au wasio na mwanasheria.

Yako maoni kwamba uwazi wa namna hiyo utasababisha hadithi za watu kuibiwa. Hofu hiyo ni ya kweli na watengenezaji filamu wana sababu ya kuwa nayo, lakini inajibika. Mswada ni siri ya mwandishi na haupaswi kutoka nje ya jopo. Jina la mradi, mistari miwili ya maelezo, jina la kampuni na kiasi cha fedha vinaweza kutangazwa bila kumwibia mtu chochote. Alama na maoni ya waamuzi hupewa mwombaji mwenyewe, si umma mzima.

Vilevile si kweli kwamba kukosa fedha ni ushahidi wa ubovu wa kazi, wala si ushahidi wa njama. Mfuko wenye uwezo wa kugharimia filamu kumi ukipokea maombi mazuri thelathini, ishirini mazuri yatakosa. Aliyekosa akipewa karatasi yenye alama zake na sentensi tatu za sababu, ataweza kurekebisha bajeti yake au kuimarisha mswada wake kwa ajili ya dirisha linalofuata. Asipopewa kitu, atajaza pengo kwa tetesi, na hatuwezi kumlaumu.

Baada ya uamuzi, bado fedha zina safari. Kwa kawaida hutolewa kwa awamu, sehemu ikisubiri upigaji picha uanze na nyingine ikisubiri uhariri. Hapa ucheleweshaji unaweza kuumiza kuliko upendeleo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watengenezaji filamu wa Afrika Kusini waliandamana Cape Town wakidai kwamba fidia za gharama walizoahidiwa zilikuwa hazilipwi kwa wakati na maombi mapya hayaamuliwi. Kampuni kubwa inaweza kukopa benki ikisubiri. Ndogo hufunga ofisi, na mpiga picha na fundi wa taa huenda kutafuta kazi nyingine. Tarehe ya malipo, kwa hiyo, ni sehemu ya haki, na inapaswa kuandikwa kwenye mkataba ikiilazimisha serikali kama vile tarehe ya kukamilisha filamu inavyomlazimisha mtayarishaji.

Fedha zikishatumika, mkaguzi huingia. Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hufanya kazi kwa mujibu wa ibara ya 143 ya Katiba, na taarifa zake hufika bungeni. Kenya, Mkaguzi Mkuu yupo katika ibara ya 229 ya Katiba ya 2010, na ibara ya 201 inataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma. Kazi ya kawaida ya ukaguzi huu ni kujua kama fedha zilitoka kihalali, zina stakabadhi na zilitumika kwa lililokusudiwa. Mkaguzi hatauliza kwa nini hadithi ya Mtwara ilipata alama 36. Wanaosema "tumsubiri CAG" kuhusu upendeleo wa uteuzi wanasubiri jibu kutoka kwa mtu ambaye swali hilo si lake.

Unachoweza kuuliza, na kwa sheria ipi

Kuuliza si ukorofi, na hakuhitaji kusubiri hisani ya ofisa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi kutoka taasisi ya umma, ambayo inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Kenya, ibara ya 35 ya Katiba na sheria ya mwaka huo huo wa 2016 zinaweka muda wa siku 21, na asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayofahamika zaidi kama ofisi ya Ombudsman.

Barua ya kuuliza "kwa nini hamkunipa?" hujibiwa kwa sentensi moja ya heshima isiyosema kitu. Barua inayofaa hutaja dirisha la maombi kwa tarehe yake, kisha huomba nakala ya vigezo na uzito wake kama vilivyopitishwa kabla ya dirisha kufunguliwa, alama alizopewa mwombaji katika kila kipengele pamoja na maoni ya jopo, idadi ya walioomba na walioenguliwa katika kila hatua, na kumbukumbu ya waamuzi waliotangaza mgongano wa maslahi. Chama cha watengenezaji filamu kikiiandika kwa niaba ya wanachama wake kila dirisha linapofungwa, bila kusubiri ugomvi, taasisi itazoea kuwa na majibu hayo tayari mezani. Ombi la kwanza katika hayo, lile la vigezo na tarehe vilipopitishwa, ndilo lisiloachwa kamwe, kwani vigezo vilivyoandikwa baada ya maombi kupokelewa havina thamani yoyote.